Kununiana Katika Hadithi na Katika Nyumba Zetu

Mwaka 1971 ulituletea vitu viwili ambavyo hakuna aliyekusudia viende pamoja. Kwanza, Bunge lilitunga Sheria ya Ndoa, ile Namba 5 ya mwaka huo, iliyoziweka ndoa za dini zote, za kimila na za kiserikali chini ya paa moja katika Tanzania Bara. Pili, kijana mmoja wa kisiwa cha Ukerewe, marehemu Euphrase Kezilahabi, alichapisha riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Sheria ilieleza jinsi ndoa inavyofungwa na jinsi inavyovunjwa. Riwaya nayo ilionyesha jinsi nyumba inavyoweza kuwa imekwisha vunjika siku nyingi kabla mtu yeyote hajakanyaga kizingiti cha mahakama.

Wengi wanaikumbuka riwaya hiyo kwa yale yaliyomfika Rosa, na kwa kuwa wakubwa wa siku zile waliona haifai kusomwa mashuleni. Sisi tunaikumbuka zaidi kwa ajili ya baba yake, Zakaria. Binti anaandikiwa barua na mvulana, baba anaipata habari, na jambo la kwanza linalomjia mkononi ni fimbo. Haulizi barua imetoka wapi, wala imesema nini, wala binti ameipokea kwa moyo gani. Tangu siku hiyo katika nyumba ile maneno yanayohusu wavulana hayasemwi tena, na Zakaria anadhani kutosemwa kwake ni ushahidi kwamba hayapo. Binti anakuwa mfano wa tabia njema maadamu yuko machoni pa watu wanaomwogopesha. Alipofika mahali ambapo macho hayo hayakufika, hakuwa na neno hata moja la baba wala la mama la kumwongoza, kwa sababu hakupewa.

Rosa Mistika ni riwaya, tena ina nafasi ya kutembea na msichana tangu utoto hadi kaburini. Leo, hata hivyo, tunataka kusema habari za hadithi fupi, ambayo kwa maoni yetu inaufaa zaidi ugonjwa huu tunaoueleza. Mwandishi wa hadithi fupi hana fursa ya kusimulia ndoa nzima. Hana budi kuchagua usiku mmoja, au mlo mmoja, au mlango mmoja uliofungwa kwa nguvu, na msomaji ajaze mwenyewe miaka iliyotangulia. Na ndoa za watu wanaonyamaziana ndivyo zilivyo. Miaka haina habari, bali ina usiku mmoja ambao yote hufumka.

Magazeti yetu yaliijua siri hiyo zamani. Ilikuwa katika Mzalendo, mwaka 1978, ambapo Kezilahabi huyo huyo alitoa Mayai Waziri wa Maradhi. Mwaka huo huo Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar alitoa mkusanyo wake, Kicheko cha Ushindi. Visiwani hadithi fupi imekuwa ni kazi ya mafundi hasa, na wasomaji wetu wa huko hawahitaji kukumbushwa kuhusu Said Ahmed Mohamed wala kuhusu Muhammed Said Abdulla, baba wa Bwana Msa. Bali tunashuku kwamba maofisa wetu, wanaokutana na mashauri ya ndoa kila wiki, hawazisomi hadithi hizi, wakidhani ni mambo ya wanafunzi na mitihani.

Tuchukue Masharti ya Kisasa ya Alifa Chokocho, iliyomo katika mkusanyo Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, uliotolewa mwaka 2016 na kusomwa kwa miaka kadhaa katika shule za sekondari za Kenya. Dadi ni muuza samaki. Anampenda Kidawa, na Kidawa anakubali kuolewa kwa masharti, miongoni mwayo kwamba kazi za nyumbani watasaidiana. Dadi anaafiki yote. Mtu anayesoma haraka atasema kwamba hawa ni watu waliosemezana vya kutosha kuliko wazee wao. Kila kitu kimewekwa wazi kabla ya akdi, hakuna aliyedanganywa. Ndivyo tulivyodhani na sisi tulipoanza kuisoma.

Lakini mambo yanaharibika papo hapo. Kidawa ni metroni katika shule ya wasichana, na kazi hiyo ina zamu za usiku. Wivu unamwingia Dadi. Anamdhania mkewe na Mwalimu Mkuu. Basi afanye nini mwanamume huyu aliyeweza kukaa kitako na kukubali masharti mazito mbele ya mchumba wake? Hawezi kumwambia maneno mepesi kabisa, kwamba, mke wangu, nina hofu. Anafunga hofu moyoni, anaipikia humo, anaishi nayo sokoni na kitandani, hata usiku mmoja anamfuata mkewe kwa siri, anapanda apate kuchungulia, na anaanguka chini vibaya.

Tunapenda wasomaji walitazame jambo hili kwa makini, maana hapa ndipo penye fundisho ambalo semina zetu nyingi hazilifikii. Sisi watumishi wa umma tumezoea kusema kwamba ndoa zinaharibika kwa sababu watu hawapatani mapema. Waelimishwe, wapatane, waandikishane. Dadi na Kidawa walipatana. Kilichosemwa ni haki na wajibu, nani atafagia na nani atapika. Kisichosemwa ni hofu, na kwa hofu hakuna mkataba. Dadi alikuwa na ulimi wa kukubalia lakini hakuwa na ulimi wa kuulizia. Wala tusimlaumu peke yake. Mwanamume wa Kiswahili hufundishwa tangu udogoni kwamba anayeuliza amekwisha shindwa, na kwamba anayechungulia bado ana nafasi ya kushinda.

Katika mkusanyo huo huo, mwandishi yule yule ametoa hadithi nyingine ambayo ilitukosesha usingizi sisi tulio na mabinti. Inaitwa Shogake Dada ana Ndevu. Bwana Masudi na Bi Hamida wana binti, Safia, ambaye ni fahari ya nyumba, mtulivu, msomi, mwenye heshima zake. Safia analetewa shoga wa kudurusu naye, amevaa buibui, nao wanajifungia chumbani kusoma. Wazazi wanafurahi. Ni mdogo wake Safia, Lulua, mtoto tu, anayeona kwamba shoga wa dada yake ana ndevu, naye anasema alichokiona. Maneno yake hayakupata wa kuyasikiliza. Safia akashika mimba, akajaribu kuitoa kwa siri, na akafa.

Twaomba mtu yeyote asituambie kwamba hii ni hadithi ya maadili ya vijana. Ni hadithi ya masikio ya wazee. Nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja aliyesema kweli, na alikuwa mdogo kuliko wote, kwa hiyo kweli yake haikuwa na cheo. Tena tazama lile buibui. Vazi la stara ndilo lililogeuzwa pazia, na wazazi walioridhika na vazi hawakuona haja ya kuzungumza na aliyelivaa. Safia naye, alipofikwa, alikuwa na baba na mama nyuma ya ukuta mmoja, akawaona wako mbali kuliko mtu asiyemjua aliyemwendea ampe dawa. Sifa zao ndizo zilizomzibia njia. Mtoto anayepigwa hujua walau kwamba mzazi anaweza kukasirika. Mtoto anayesifiwa kutwa kucha hajui atakuwa nani siku sifa zitakapokwisha, na hathubutu kujaribu.

Muhammed Said Abdulla, katika Mke Wangu, aliligusa jambo hili kwa mzaha, kama ilivyokuwa desturi yake. Mwanamume anakwepa wasichana wa kimjini waliosoma, anaoa Aziza, akitumaini kumfinyanga kama udongo apate mke wa kipimo chake, na Aziza anatokea kuwa ni mtu mzima mwenye akili zake. Mipango yote inampindukia. Tunacheka, na huku tunacheka tunaona kwamba bwana yule aliuliza kila kitu kuhusu Aziza isipokuwa kumwuliza Aziza mwenyewe.

Sasa tujibu hoja ambayo tunaisikia kila tunapolisema jambo hili mbele ya wazee, hasa wa Visiwani, na ambayo ina uzito wake. Wazee husema: nyinyi mnataka watu waseme kila kitu, ilhali ndoa ni stara. Mume ni vazi la mke na mke ni vazi la mume. Vazi kazi yake ni kufunika. Sisi tuliokalia jamvi la chuoni kabla ya kukalia dawati la shule ya serikali tulifunzwa hivyo na tunaamini hivyo hata leo. Isipokuwa tunaona watu wamehamisha maana. Stara ni kumfunika mwenzio mbele ya watu wa nje. Si kujifunika wewe mbele ya mwenzio. Nguo inayomgusa mtu mwilini ndiyo inayojua makovu yake. Na mafundisho yale yale ya dini, katika Sura ya Wanawake, yanaelekeza kwamba ikihofiwa mfarakano atafutwe mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke. Yaani pamehofiwa tu, bado hapajaharibika, na tayari watu wameamrishwa wakae waseme.

Isidhaniwe kwamba wazee wetu hawakuwa na njia za kusemezana. Walikuwa nazo, na nyingine zilikuwa za werevu mkubwa. Posa ilipelekwa na mshenga, mtu aliyeaminiwa kubeba maneno bila ya kuyaunguza. Mwari alikuwa na somo wake, kungwi aliyemfunda na ambaye baada ya arusi aliweza kurudi kusikiliza yaliyokwama. Na ipo kanga. Mke wa Unguja, wa Pemba au wa Mombasa aliyeudhika hakupiga kelele. Alijifunga kanga yenye jina lake pale kwenye pindo, akapita nayo mbele ya mume mara mbili tatu, na mume mwenye akili alisoma. Mume asiye na akili alikula chakula akatoka. Hapo ndipo penye upungufu wa njia hizi zote. Mshenga kazi yake ilikwisha siku ya arusi, somo akafa au akahamia mbali, na kanga ina mistari michache iliyochapwa kiwandani na mtu asiyemjua mumeo.

Tunaandika haya tukiwa Bagara, katika mji wa Babati, mahali ambapo kazi za Chama zilituleta sisi watu wa pwani na tukakuta shule nyingine kabisa ya jambo hili. Mgeni anayepita kwa basi kutoka Dodoma kwenda Arusha huona mlima Kwaraa, huona ziwa lenye viboko, akaendelea na safari. Hajui kwamba katika Mkoa huu wa Manyara, ulioanzishwa mwaka 2002, wanakutana watu wa jamii nne za lugha za Afrika. Wairaqw na Wagorowa husema lugha za Kikushi. Wadatoga ni Waniloti. Wambugwe na Warangi ni Wabantu kama Waswahili wenyewe. Na huko Yaeda Chini wako Wahadzabe, ambao lugha yao yenye sauti za kidoko haina ndugu inayejulikana kwa yakini. Watu hawa wanaoana. Katika mitaa ya Bagara kuna nyumba ambamo lugha ya mama mkwe si lugha ya mkwe, na Kiswahili ndicho daraja. Na daraja hilo aghalabu hupitisha bei ya mahindi na karo ya shule, huku yale mengine yakibaki kila moja kwenye ukingo wake.

Zaidi ya hayo, kuna heshima za kutosema ambazo mgeni lazima azijue asije akaziita ujinga. Miongoni mwa Wadatoga, mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe wake, wala hakomei hapo. Huepuka hata maneno ya kawaida yanayofanana na jina hilo kwa sauti, akatumia maneno mengine badala yake, na wanawake wanao msamiati mzima kwa ajili hiyo. Tunastaajabia ufundi huo. Lakini angalia tofauti. Mwanamke huyo amepewa neno la badala. Desturi imemkataza njia moja ikamfungulia nyingine, na maji anayoyataka atayapata kwa jina lingine. Dadi wa hadithi yetu hakupewa neno la badala. Safia hakupewa. Kila jamii ina miiko yake ya ulimi, na sisi wa pwani tunayo tele, mke akimwita mume baba fulani na mume asitaje jina la mke barazani. Jambo la kuuliza ni kama mwiko huo umeacha mlango.

Sasa tuwageukie maofisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa na busara moja kubwa ambayo haitajwi sana. Ilitaka kila kata iwe na Baraza la Usuluhishi la Ndoa, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano, na ikaruhusu jumuiya za dini nazo ziwe na mabaraza yao. Isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa, mtu hawezi kufungua shauri la talaka mahakamani kabla ya baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Visiwani Sheria hiyo haitumiki. Huko mashauri ya Waislamu huenda kwa Kadhi, ambaye mahakama yake iliwekewa sheria mwaka 1985 na nyingine mwaka 2017. Njia ni mbili, lakini wazo ni moja, kwamba watu wasikizwe kwanza.

Katika utekelezaji, kwa jinsi tunavyouona, usuluhishi umegeuka kituo cha kuchukulia hati. Wanandoa wanafika wakiwa wamekwisha gawana vyombo. Mwenyekiti anauliza: una malalamiko gani? Hilo ni swali la hakimu, tena hakimu mwenye haraka. Mtu aliyenuniwa mwaka mzima hana malalamiko ya kuorodhesha. Hakupigwa, hakunyimwa posho, hakufumania. Sheria imetaja zina, imetaja ukatili wa mwili na wa akili, imetaja kutelekezwa kwa miaka isiyopungua mitatu. Ukimya wa mezani haukutajwa kwa jina lake, basi mwanamke anarudishwa nyumbani akaambiwa avumilie, au anatafuta kosa kubwa zaidi la kusema, hata kama si hilo lililomleta. Hapo baraza linakuwa limewafundisha watu kusema uongo ili wasikilizwe.

Hatusemi wajumbe wa mabaraza ni watu wabaya. Wengi ni wazee wa kujitolea, wanaoacha shamba lao kuja kukaa kwenye benchi. Tunasema hawakupewa zana. Anayetaka kushona jamvi hupewa ukindu. Hawa wanaotakiwa kuunganisha watu wamepewa mhuri na wino.

Kama kuna anayedhani hadithi haina nguvu katika mambo haya, na tumkumbushe Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza kutangazwa na Radio Tanzania mwaka 1993. Nani amesahau Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, na Tunu mkewe aliyevumilia hata akachoka kuvumilia? Malori ya Mkwaju yalikuwa ni malori ya barabara kama hii yetu inayopita Babati. Katika miaka miwili ya mwanzo watafiti waliacha matangazo ya Dodoma bila ya mchezo huo, ili walinganishe. Walikuta kwamba mahali uliposikika, wake na waume walizidi kuzungumza wao kwa wao juu ya uzazi wa mpango, jambo ambalo wengi hapo kabla walikuwa wakilificha. Hakuna aliyewaamrisha. Walimsikia Mkwaju, wakacheka, halafu mmoja akamgeukia mwenziwe akasema, je, na sisi? Pale ambapo mtu hawezi kusema juu ya nafsi yake, anaweza kusema juu ya Tunu.

Wapo watakaosema siku hizi simu ya mkononi imemaliza tatizo. Haikulimaliza. Imewapa watu namna mpya ya kutojibu, ambapo mwenzio anaona kabisa kwamba ujumbe wake umesomwa. Nyumba nyingi za Visiwani zenye mama au binti aliyekwenda Oman kufanya kazi hupokea sauti yake kwenye simu kila jioni, na mara nyingi ni sauti ya salamu na fedha zilizotumwa, kwa sababu aliye mbali hataki kuwatia wa nyumbani wasiwasi na wa nyumbani hawataki kumtia huzuni aliye mbali. Huo nao ni uungwana. Tunaomba tu mtu aulize, mara moja kwa mwezi, swali lisilohusu fedha.

Kwa hiyo tuna ombi dogo kwa Maofisa wa Maendeleo ya Jamii, wa huku Bara na wa huko Visiwani, na ombi hili halihitaji fungu jipya katika bajeti. Nakala moja ya mkusanyo wa hadithi fupi iwekwe katika ofisi ya kila kata, na katika baraza la kila Kadhi anayeridhia. Wajumbe waisome pamoja siku ambayo hakuna shauri. Kisha wanapofika watu wawili ambao kila mmoja anatazama ukuta wake, Mwenyekiti asianze na malalamiko. Awasimulie habari za Dadi hadi pale alipoanza kumfuata mkewe usiku, anyamaze, na awaulize hao wawili kila mmoja angemshauri Dadi afanye nini. Watakayoyajibu ndiyo yaandikwe kwanza kwenye jalada, kabla ya jina la mdai na la mdaiwa.